Kilio cha Watuareg ndani ya nyimbo mpya za roki

MNAMO Julai 26, 2023, wanajeshi walimpindua Rais Mohamed Bazoum wa Niger. Siku hiyo kundi la muziki la Mdou Moctar lilikuwa Marekani likizunguka mji hadi mji kutumbuiza. Ghafla wanamuziki wake raia wa Niger wakajikuta hawana njia ya kurudi nyumbani. Mipaka ilifungwa, safari za ndege zikakatizwa, nazo familia zao zikabaki upande wa pili wa bahari. Ilibidi mashabiki waombwe mchango ili vijana hao wapate riziki ugenini.

Ajabu ni kwamba tayari walikuwa wamerekodi albamu iliyoitwa Funeral for Justice, yaani mazishi ya haki. Ilipotolewa Mei 2024, wengi walidhani ni zao la mapinduzi hayo. La hasha. Chimbuko lake ni la kale zaidi, na linaanzia katika jangwa la kaskazini mwa Niger.

Kiongozi wa kundi hilo, ambaye jina lake kamili ni Mahamadou Souleymane, ni Mtuareg. Watuareg ni wafugaji na wasafiri wa Sahara ambao nchi yao ya jadi imekatwa vipande na mipaka ya Niger, Mali, Algeria, Libya na Burkina Faso. Wazazi wake, watu washika dini, hawakupendezwa na muziki wa gitaa. Kijana huyo akajichongea la kwake kwa ubao, nyaya za breki za baiskeli zikawa ndizo nyuzi.

Si yeye wa kwanza kufanya hivyo. Ibrahim Ag Alhabib, mwanzilishi wa kundi la Tinariwen kutoka Mali, naye aliunda gitaa lake la utotoni kwa mkebe, fimbo na waya wa baiskeli. Babake aliuawa katika uasi wa Watuareg wa mwaka 1963, na mwana akakulia ukimbizini. Vijana wa kizazi chake, waliotangatanga Algeria na Libya wakitafuta kibarua, waliitwa ishumar, neno lililotokana na lile la Kifaransa la mtu asiye na kazi. Nyimbo zao zilibeba hisia wanayoiita assouf: ukiwa, upweke na kiu ya nyumbani kwa pamoja. Nchini Niger aliyewasha moto huo ni Abdallah Ag Oumbadougou, aliyefariki 2020, ambaye nyimbo zake zilisambaa kwa kanda. Moctar alimwona akipiga gitaa, na tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine.

Gitaa katika nchi hizo si chombo cha starehe pekee. Wakati wa uasi wa 2007 hadi 2009, serikali ya Niger ililiona kuwa ishara ya waasi na kulipiga marufuku miongoni mwa Watuareg. Wanamuziki wawili waliokuwa wakipiga pamoja na Bombino, msanii mwingine mashuhuri wa Agadez, waliuawa, naye akakimbilia Burkina Faso. Anayeshangaa kwa nini nyimbo za kwao zina makali kiasi hicho na akumbuke jambo hilo.

Mwaka 2008 Moctar alikwenda Sokoto, Nigeria, akarekodi albamu yake ya kwanza, Anar, sauti yake ikiwa imepitishwa katika mtambo wa kuipinda kama ilivyo desturi katika muziki wa Kihausa. Albamu hiyo haikuhitaji duka. Watu walirushiana nyimbo zake kutoka simu moja hadi nyingine, hata zikavuka Sahara kabla mwenyewe hajajulikana sura. Mmarekani Christopher Kirkley, aliyekuwa akikusanya nyimbo zilizohifadhiwa katika simu za watu, aliutia wimbo wake mmoja katika mkusanyo aliotoa 2011, kisha akaanza kumsaka mwimbaji.

Hapa ndipo neno "huru" linapata maana yake. Ulaya na Marekani, roki huru ni ile isiyotegemea makampuni makubwa ya muziki, ingawa siku hizi jina hilo hupewa hata vijana ambao uhuru wao umo kwenye mavazi tu. Moctar alikuwa huru kwa kukosa njia nyingine. Hakukuwa na kampuni ya kumwambia aimbe nini. Riziki yake ilitoka katika harusi, mahali ambapo mpiga gitaa asiyeweza kuwachezesha wageni hadi usiku wa manane haitwi tena. Baadaye albamu yake ya Afrique Victime ya 2021 ilitolewa na Matador, kampuni huru ya New York, lakini maneno yalibaki yale yale, na mengi yangali ya Kitamasheki.

Wimbo uliobeba jina la Funeral for Justice unawakabili viongozi wa Afrika na kuwahoji kwa nini wanawasikiliza wakubwa wa nje kuliko wananchi wao. Oh France unailenga Ufaransa, iliyoitawala Niger hadi 1960. Hasira hiyo ina anwani. Tangu 1971 urani imechimbwa Arlit, kaskazini mwa Agadez, na kwa miongo mingi kampuni za Kifaransa ndizo zilizoongoza kazi hiyo. Madini hayo yaliendesha vinu vya umeme vya Ufaransa ilhali raia wengi wa Niger walikaa gizani.

Hata hivyo, wimbo wenye uchungu zaidi pengine ni Imouhar, ambao haumtaji mkoloni kama adui mkuu. Unawasihi Watuareg wenyewe wasiiache lugha yao. Moctar ni miongoni mwa wachache katika jamii yake wanaojua kuiandika kwa tifinagh, herufi za kale za Kitamasheki, naye huwaona vijana wakikimbilia Kifaransa. Msikilizaji asiyeelewa neno hata moja ataisikia hofu hiyo katika gitaa, linaloanza polepole kisha likalipuka.

Wakiwa wamekwama Marekani, wanamuziki hao hawakukaa bure. Siku mbili baada ya ziara yao kumalizika New York, waliingia studio mtaani Brooklyn na kuzirekodi upya nyimbo zile zile, safari hii kwa gitaa kavu, mtindo ambao wapenzi wa muziki wa Kenya wa miaka ya 1950 wanaufahamu vyema. Ghadhabu ikageuka maombolezo. Hatimaye walipopata njia ya kurudi, mpiga besi na mtayarishaji wao, Mmarekani Mikey Coltun, alimkabidhi mpiga gitaa Ahmoudou Madassane kinasa sauti kidogo. Kule Niger Madassane aliwakusanya Watuareg wakaimba kwa kupokezana, na sauti zao zikaunganishwa na zile za Brooklyn. Albamu hiyo, Tears of Injustice, ilitolewa Februari 2025.