Jino Lile Lile, Cheti Tofauti

Mwaka 2016 madaktari wa meno wa Marekani waliandika vyeti milioni 11.4 vya dawa za opioidi, yaani dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Wenzao wa England waliandika 28,082. Marekani ina watu wengi zaidi, ni kweli, lakini idadi ya watu haielezi pengo hilo. Katika kila vyeti 100 vilivyotoka kwa madaktari wa meno wa Marekani, 22 vilikuwa vya opioidi. England havikufika hata kimoja.

Meno ya Wamarekani hayaumi kuliko ya Waingereza. Kilichotofautiana ni kanuni na mazoea. Daktari wa meno katika huduma ya afya ya umma ya England ana opioidi moja tu anayoruhusiwa kumwandikia mgonjwa, dihidrokodini. Wa Marekani alikuwa na hidrokodoni, kodeini, oksikodoni na tramadoli, na hidrokodoni pekee ilibeba zaidi ya nusu ya vyeti hivyo vya opioidi.

Mazoea hayo yalionekana zaidi kwenye upasuaji wa magego ya mwisho, yale yanayochelewa kuota na mara nyingi hukwama ndani ya taya. Wanaopasuliwa wengi ni vijana. Ganzi ikiisha mgonjwa yuko nyumbani tayari, na daktari, kwa kuhofia asije akateseka usiku, humwandikia vidonge vya akiba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwafuatilia wagonjwa 79 wa aina hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2016: waliopewa opioidi walipata wastani wa vidonge 28, na wiki tatu baadaye zaidi ya nusu vilikuwa havijamezwa. Vilibaki majumbani, mahali ambapo ndugu, rafiki au mtoto angeweza kuvifikia.

Hatari ilimhusu pia mgonjwa mwenyewe. Utafiti mwingine uliangalia vijana wa miaka 16 hadi 25 walioandikiwa opioidi na daktari wa meno mwaka 2015, wakiwa hawajazitumia siku za karibuni. Kati ya miezi mitatu na mwaka mmoja baadaye, asilimia 6.9 walikuwa wameandikiwa opioidi tena, dhidi ya asilimia 0.1 ya vijana wa kulinganishwa nao ambao hawakuandikiwa. Ndani ya mwaka huo, asilimia 5.8 walikuwa na kumbukumbu ya matibabu inayohusiana na matumizi mabaya ya opioidi; kwa wenzao ilikuwa asilimia 0.4. Takwimu za namna hii hazithibitishi kwamba kila tatizo lilianzia kwenye kile cheti cha kwanza, lakini pengo ni kubwa mno kupuuzwa.

Kinachosikitisha ni kwamba dawa yenyewe haikulifaa sana jeraha lenyewe. Mfupa na fizi vikikatwa, mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo ndizo zinazoleta uvimbe na kuamsha maumivu. Ibuprofeni huzuia kutengenezwa kwake. Paracetamol hupunguza maumivu kwa njia nyingine, ndiyo maana dawa hizi mbili zikitumika pamoja husaidiana. Opioidi haigusi uvimbe: inafanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, ikipunguza jinsi maumivu yanavyosikika, huku ikileta usingizi, kichefuchefu na kufunga choo. Ikizidi, hudhoofisha upumuaji hadi kuua.

Mwaka 2018 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kiliunga mkono kikomo cha siku saba kwa opioidi zinazoandikwa kwa maumivu ya ghafla. Mwaka 2025 ukachapishwa utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Rutgers, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 1,800 waliopasuliwa magego ya mwisho. Waliopewa ibuprofeni na paracetamol walikuwa na maumivu madogo zaidi siku na usiku wa kwanza kuliko waliopewa hidrokodoni na paracetamol, na walilala vizuri zaidi.

Ibuprofeni na paracetamol ndizo zilizojaa pia kwenye maduka ya dawa ya Dar es Salaam na Mombasa. Hata hivyo, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mjamzito hawapaswi kumeza ibuprofeni bila ushauri wa daktari, na paracetamol ikipitishwa kipimo huharibu ini.