Je, Wajua? Haya Kuhusu 19, Albamu ya Kwanza ya Adele

Je, wajua kwamba kati ya albamu nne ambazo Adele amezipa jina la umri wake, ni ya kwanza tu iliyotoka akiwa kweli na umri huo? Alizaliwa Tottenham, London, tarehe 5 Mei 1988, na 19 ilitoka tarehe 28 Januari 2008. Albamu ya 21 ilitoka akiwa na miaka 22, ya 25 akiwa na 27, na ya 30 ilipoingia madukani mwishoni mwa 2021 alikuwa amekwisha kutimiza 33.

Je, wajua kwamba wimbo unaofunga albamu ndio aliouandika kabla ya nyingine zote? Ni Hometown Glory. Alikuwa na miaka 16. Mama yake, aliyemlea peke yake, alitaka binti aondoke nyumbani akasome chuo kikuu. Binti hakutaka kuiacha London. Wakabishana, na ubishi huo ukazaa wimbo wa kuusifu mji, hasa ile London ya kusini alikokulia. Ulitoka kwanza Oktoba 2007 kwenye santuri ndogo, nakala 500 tu, chini ya lebo ya mwanamuziki Jamie T. Mwaka 2010 wimbo huohuo ulikuwa ukiwania tuzo ya Grammy.

Wajua alivyomfahamu mwimbaji Etta James? Kwa sababu ya nywele! Akiwa msichana mdogo aliingia duka la muziki, akapekua CD za bei ya kutupa, akaona picha ya Etta James na mtindo wake wa nywele. Akainunua pamoja na ya Ella Fitzgerald ili akamwonyeshe msusi wake. CD zikakaa nyumbani bila kusikilizwa. Siku alipoziweka na kuzisikiliza, ndipo alipompata mwalimu. Namna Etta James anavyoimba kana kwamba anazungumza na mtu mmoja tu ndiyo tunayoisikia ndani ya 19, mwanzo hadi mwisho.

Na wajua kwamba alisoma shule iliyotoa nyota zaidi ya mmoja? Waimbaji Leona Lewis na Jessie J nao walisoma katika BRIT School, shule ya sanaa iliyoko Croydon ambayo wanafunzi hawalipi ada. Alimaliza mwaka 2006. Nyimbo tatu alizorekodi kama kazi ya darasani ziliwekwa na rafiki yake kwenye mtandao wa MySpace, na zikasikika hadi kwa lebo ya XL Recordings. Walipomwandikia barua pepe hakuwaamini, maana kampuni pekee ya muziki aliyoijua ni Virgin. Alipokubali kwenda kuonana nao, alimchukua rafiki wa kumsindikiza. Kwa msichana wa umri ule anayeitwa na watu asiowajua, ilikuwa busara tupu.

Je, wajua kwamba alituzwa kabla albamu haijatoka? Tuzo za Brit zilianzisha mwaka 2008 tuzo ya chaguo la wachambuzi kwa msanii anayetarajiwa kung'ara, na Adele akawa wa kwanza kabisa kuipata. BBC nao walimweka nambari moja katika orodha yao ya sauti mpya za mwaka huo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wasanii wangapi wachanga wamezamishwa na sifa za mapema! Yeye aliingia chati ya albamu ya Uingereza moja kwa moja nambari moja.

Wajua Chasing Pavements ilianzia wapi? Kwenye ugomvi. Aligombana na aliyekuwa mpenzi wake ndani ya baa, alfajiri, akampiga, akatolewa nje. Akajikuta anakimbia barabarani peke yake, hakuna anayemfukuza wala anayemngoja. Palepale akaimba, akajirekodi kwenye simu ya mkononi, na alipofika nyumbani akautafutia kodi za gitaa. Wimbo aliumalizia na mtunzi Eg White, ukafika nambari mbili Uingereza.

Je, wajua kwamba mtayarishaji Mark Ronson, aliyekuwa gumzo wakati ule kwa kazi yake na Amy Winehouse, alitayarisha wimbo mmoja tu, Cold Shoulder? Sehemu kubwa ya albamu ilishikwa na Jim Abbiss, yuleyule aliyetayarisha albamu ya kwanza ya bendi ya roki ya Arctic Monkeys. Hapa alifanya jambo ninalomheshimu nalo: aliacha nafasi. Fungua wimbo wa kwanza, Daydreamer. Ni gitaa na sauti, basi. Hakuna ngoma wala besi. Unasikia vidole vikidonoa nyuzi, unasikia herufi zikimezwa kwa lafudhi ya Kilondon, na sauti inapopanda hakuna chombo kinachokimbilia kuisaidia. Kwa maoni yangu, 21 ni albamu yenye nguvu zaidi, lakini humkuti humo Adele akiwa karibu na sikio lako namna hii, na inasikitisha kwamba wengi wameirukia ile bila kuipitia hii.

Wimbo mwingine wa albamu hii, Make You Feel My Love, si wake. Ni wa Bob Dylan, na Adele hakuwa na mpango nao hadi meneja wake alipompendekezea.

Je, wajua kwamba siasa za Marekani zilimfungulia mlango? Tarehe 18 Oktoba 2008 aliimba kwenye kipindi cha Saturday Night Live. Usiku huohuo alikuwepo Sarah Palin, mgombea umakamu wa rais, na watazamaji walikuwa wengi kuliko wakati wowote katika miaka 14 iliyotangulia. Mauzo ya 19 yakapaa. Februari 2009 akachukua Grammy mbili, ikiwemo ya msanii mpya bora. Miongoni mwa aliowashinda ni Duffy, binti wa Wales ambaye albamu yake ya kwanza, Rockferry, ndiyo iliyoongoza kwa mauzo Uingereza mwaka 2008. Duffy naye hakuondoka mikono mitupu. Rockferry ilipata Grammy ya albamu bora ya pop.

Je, wajua kwamba 19 ilirudi juu miaka mitatu baadaye? Mwaka 2011 Adele alikuwa na albamu mbili na singo mbili ndani ya tano bora za Uingereza kwa wakati mmoja. Hakuna msanii aliye hai aliyekuwa amefanya hivyo tangu Beatles mwaka 1964.

Na ziara ya mwaka huohuo, wajua nani alikuwa akimfungulia jukwaa? Michael Kiwanuka, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake waliikimbia Uganda ya Idi Amin. Albamu yake ya kwanza ya soul, Home Again, ilitoka Machi 2012 na kuwania tuzo ya Mercury, kama 19 ilivyoiwania mwaka 2008. Zote mbili zilikosa. Kiwanuka aliipata mwaka 2020 kwa albamu yake ya tatu.