Damu yako iko ngapi leo? Kipimo cha kidoleni na kasheshe la kliniki

KAA kijiweni popote pale Bukoba mjini utasikia watu wanaulizana presha, wanaulizana sukari. Hata wazee wa kahawa wanajua yao iko ngapi. Lakini wapo vijana wenzetu, Bukoba na Muleba, wanaotembea na namba nyingine kabisa ambayo kijiweni haiulizwi. Inaitwa INR. Ikishuka, damu inaganda na kiharusi kinabisha hodi. Ikipanda, kidonda kidogo tu kinachuruzika hadi shuka linalowa. Uhai uko hapo katikati.

Usije ukadhani haya ni mambo ya vikongwe. Mtoto anaumwa koo, mafindofindo yanaachwa bila dawa, baadaye inakuja homa ya rumatiki inayotafuna valvu, yaani milango ya moyo. Miaka inapita, binti ana miaka 20 na kitu, akipanda kilima kidogo tu anahema kama kakimbia mbio ndefu. Wengine hupandikizwa valvu ya chuma. Zamani wengi walisubiri safari ya India. Tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, Dar.

Ukishawekewa chuma, mwili unakiona ni kitu kigeni na damu inataka kuganda juu yake. Hapo ndipo unapofunga ndoa na kidonge kiitwacho warfarini. Ndoa ya kanisani hiyo, haina talaka! Wapo pia wanaoitumia kwa sababu moyo unadunda ovyo, au damu iliwahi kuganda mguuni.

KIDONGE CHENYE HISTORIA YA PANYA

Stori yake ni ya ajabu. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na Marekani ya kaskazini walikuwa wanakufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Karl Paul Link, akaisaka sumu ile mpaka akaipata. Kutokana nayo ikatengenezwa warfarini, ikaingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani akapewa baada ya kupata shambulio la moyo. Kwa hiyo mtu akikucheka kwamba unameza sumu ya panya, mwambie Rais naye aliimeza.

Kinachotenganisha dawa na sumu ni kipimo tu. Mtu asiyetumia dawa hii INR yake ni kama 1. Wengi wanaoitumia hutakiwa wawe kati ya 2 na 3, na wenye valvu ya chuma upande wa mitro mara nyingi kati ya 2.5 na 3.5. Yako ni ipi? Kama hujui, hilo ndilo swali la kwanza la kumwuliza daktari wako.

NAULI INAKULA MTAJI

Sasa tuseme wewe ni dada unauza nguo stendi ya Muleba. Kupima inabidi uende, labda Rubya, labda Ndolage, labda upande gari mpaka Bukoba. Nauli ya kwenda, ya kurudi, chakula, na siku nzima biashara imefungwa. Ukifika unaambiwa vitendanishi vimekwisha, njoo wiki ijayo. Ukiambiwa hivyo mara tatu, unakata tamaa, unameza kwa kubahatisha. Huko ndiko watu wanakopotea, siyo kwa ujinga.

Kwa hiyo kabla hujapanda gari, piga simu au mtume mtu aulize maabara: "INR mnapima leo? Vifaa vipo?" Swali hilo dogo linaokoa nauli.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wengi wana kimashine cha nyumbani. Unatoboa kidole, unaweka tone moja kwenye stripu, baada ya kama dakika moja namba inatokea. Siyo mbwembwe tu. Mwaka 2012 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 11 yenye wagonjwa zaidi ya 6,000. Waliojipima wenyewe waliganda damu mara chache kuliko wanaotegemea kliniki, na waliofaidika zaidi ni wenye umri chini ya miaka 55 na wenye valvu za chuma. Yaani vijana hasa!

Kwetu kimashine hiki si cha kununua dukani kama betri. Ni ghali, na stripu zake nazo zina bei. Wanaokipata mara nyingi wametumiwa na ndugu aliyeko nje. Ukiletewa, zingatia haya:

Mashine ya sukari haipimi INR, hata zifanane kama mapacha. Stripu ziangalie tarehe, usizianike juani wala kuziacha kwenye dashibodi ya gari. Osha mikono, kausha, toboa, tumia tone la kwanza upesi, usikamue kidole kama unakamua chungwa. Andika namba, tarehe na kiasi cha dawa kwenye daftari. Siku ya kwanza nenda nacho kliniki, upime kwa mashine yako na kwa maabara siku hiyo hiyo. Tofauti ndogo siyo ajabu. Ikiwa kubwa, au mashine ikisoma juu sana, ya maabara ndiyo ya kufuata.

"KWANI WEWE NDIYO DOKTA?"

Hapa sasa ndipo kasheshe lenyewe. Unamtolea sista daftari lako, anakuangalia juu mpaka chini: "Kwani wewe ndiyo dokta?" Foleni nzima inageuka. Aibu!

Tumwelewe kidogo. Asubuhi hiyo kashaona watu wengi, na mashine yako hajawahi kuiona. Akikubali namba yenye kasoro, ukivuja damu lawama ni zake. Kwa hiyo usiingie kwa kuchonga. Anza na salamu, maana Uhayani bila salamu hakuna linalokwenda. Halafu sema taratibu: "Hapana sista, dokta ni nyie. Mimi nimeleta kumbukumbu zangu za mwezi, naomba mzilinganishe na kipimo chenu." Hapo umempa heshima yake na bado umebaki na hoja yako.

Akigoma, usizire ukaondoka. Mwombe daktari wa zamu. Ikishindikana, mganga mfawidhi yupo, na mlango wake ni wa kila mgonjwa. Usitoke bila kuandikiwa mambo matatu: INR ya leo, miligramu za kumeza kila siku, na tarehe ya kurudi.

Na miligramu uzisome kwenye boksi, usifuate rangi. Kidonge cha pinki Marekani ni miligramu 1, Uingereza ni miligramu 5. Ndugu wawili wakikutumia dawa kutoka nchi hizo mbili, ukifuata rangi umekwisha.

MATOKE, MCHICHA NA RUBISI

Warfarini inafanya kazi kwa kuizuia vitamini K, na vitamini hiyo imejaa kwenye mboga za majani: mchicha, kisamvu, matembele. Haina maana uache mboga. Kula kiasi kile kile kila wiki. Siyo mwezi huu matoke na maharage matupu, mwezi ujao kisamvu asubuhi na jioni, halafu unashangaa namba inacheza sindimba.

Rubisi na gongo ni balaa, hasa ukinywa kwa fujo. Dukani usinunue aspirini, Brufen wala diklofenaki kwa kuumwa kichwa. Septrin na Flagyl zinapandisha INR, dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini inaishusha. Kila anayetaka kukuandikia dawa au kukuchoma sindano, mwambie kwanza: "Natumia warfarini." Sema hata kwa fundi wa meno.

Umesahau kumeza? Ukikumbuka siku ile ile, meza. Ukikumbuka kesho yake, endelea na ya kesho, usimeze mbili. Mabadiliko ya dozi huchukua siku mbili tatu kuonekana, kwa hiyo usibadilishe kila ukiona namba.

Akina dada, sikilizeni hapa. Dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa wiki ya 6 mpaka ya 12. Lakini ukiiacha ghafla valvu inaweza kuziba na ukafa wewe. Kwa hiyo ongea na daktari KABLA ya kupata mimba, apange dawa gani na lini. Ukichelewa siku zako, nenda kliniki upesi, usisubiri tumbo lionekane.

Utasikia pia zimetoka dawa mpya zisizohitaji kupima. Ni kweli zipo, lakini mwenye valvu ya chuma haruhusiwi. Na utafiti wa mwaka 2022 uliofanyika nchi 24 ulionyesha kuwa wagonjwa wa moyo wa rumatiki wenye mapigo ovyo walikufa wachache zaidi wakiwa na dawa za zamani aina ya warfarini kuliko ile mpya iliyojaribiwa. Cha kale dhahabu, bwana.

Mwisho, mambo ya kukimbilia hospitali usiku huo huo: choo cheusi kama lami, mkojo wa damu, pua isiyokoma, kugonga kichwa hata kama hujachubuka, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, au kuhema ghafla. Hapo hata kimashine kikisema mambo swafi, usikisikilize. Chukua bodaboda, chukua daftari, nenda!