Jina la Shemeji Halimpi Mgeni Shamba

Swali linaloletwa mezani kwangu na watu wa Handeni na Korogwe ni lile lile, wahusika tu ndio hubadilika: "Wakili, mzungu wetu ameipenda Kang'ata, anataka eka tano ajenge na alime. Shamba tutaliandika kwa jina la shemeji yake. Sasa ule mkataba wa pembeni tuuandikeje uwe na nguvu?" Hauandikiki ukawa na nguvu. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na bado kuna watu wanaotumia akiba ya uzeeni kununulia karatasi.

Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 kinasema asiye raia kwa kawaida hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji unaotambuliwa na sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo inaweka haki miliki ya kimila mikononi mwa raia, familia za raia na vikundi vya raia. Mwingereza anayehamia kijiji cha Andalusia, Uhispania, anaweza kununua nyumba kwa jina lake mwenyewe. Tangu 2021 kinachombana kule ni ukaazi, maana bila kibali haruhusiwi kuzidisha siku 90 ndani ya kila siku 180. Hapa ni kinyume: kibali cha kuishi anaweza kukipata, ardhi ya kijiji hapati. Anayekuja na mazoea ya kule aelezwe hivyo mapema, kabla hajatoa hata shilingi.

Sasa tuufungue huo mkataba wa pembeni. Unasema shamba ni la mgeni, shemeji ni jina tu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 23, hubatilisha makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria. Siku mgeni atakapoupeleka mahakamani, atakuwa ameandika kwa mkono wake ushahidi kwamba alidhamiria kuikwepa sheria. Wanaoniletea karatasi hiyo huniambia imegongwa muhuri wa wakili. Muhuri wa wakili huthibitisha nani alitia saini. Hauhalalishi kilichokatazwa.

Wengine huuvika mkataba huo vazi la mkopo. Mkopo wa kweli unampa mkopeshaji haki ya kudai fedha zake, haumpi shamba. Mkopo wa kuzugia unarudi pale pale kwenye kifungu cha 23. Wengine humwandikisha shemeji hati ya uwakili inayompa mgeni mamlaka yote juu ya shamba. Hati hiyo aliyeitoa anaweza kuifuta, na akifa inakufa naye. Wengine hufungua kampuni. Kampuni ambayo hisa zake nyingi ni za wageni, sheria inaihesabu kuwa ni mgeni.

Kuna pia imani ya muhuri wa mwenyekiti. Halmashauri ya kijiji ni mdhamini tu wa ardhi, na hairuhusiwi kugawa kipande chochote bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti aliyepokea "asilimia kumi" yake chini ya mwembe na kugonga muhuri hajagawa chochote. Amemsaidia mtu kupoteza fedha.

Shemeji naye ni binadamu. Hata akiwa mwaminifu kupita wote, siku moja atafariki, na shamba litaingia kwenye mirathi yake. Mjane na watoto watakuja wakiwa na barua ya usimamizi, na sheria itakuwa upande wao, kwa haki kabisa. Nyumba ya mgeni, kisima chake na michungwa yake vyote vitakuwa juu ya ardhi ya watu wengine. Na katika kata yenye dhahabu kama Kang'ata, vishawishi vya kuuza huongezeka kila uvumi wa mwamba mpya unaposikika.

Msiniambie sheria hii ni chuki kwa wageni. Anayeyajua mashamba ya mkonge ya Korogwe anajua ardhi ikigawiwa wageni hukaa mikononi mwao kwa vizazi, na mwenye kijiji akabaki kibarua. Kijana wa Kang'ata anayeazimisha jina lake leo anaifungua tena njia hiyo, kwa malipo ya mara moja.

Yanayowezekana ni haya. Panga nyumba, kwa mkataba wa maandishi unaotaja muda, kodi na nani atalipia ukarabati. Pata kibali cha ukaazi kinacholingana na shughuli yako: Daraja A kwa wawekezaji, B kwa walioajiriwa, C kwa makundi mengine kama watafiti na wanafunzi. Unataka kuwekeza kweli? Pitia mamlaka ya uwekezaji upate hati isiyo asili (derivative right), na ujue kwamba ardhi ya kijiji lazima kwanza ihamishwe na Rais kuwa ardhi ya jumla. Umefunga ndoa na Mtanzania? Mnunulie kwa jina lake, iwe mali yake kweli, bila karatasi ya siri. Kama ndiyo nyumba mnayoishi, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Uraia? Mke mgeni wa Mtanzania anaweza kuomba kwa ndoa yake. Mume mgeni anafuata njia ya kawaida ya tajinisi, na wote wawili wataukana uraia wa kwao.

Na wewe mwenyeji unayetaka kuuza: peleka jambo mbele ya mkutano mkuu, jina la mnunuzi halisi lisomwe kwa sauti. Kama jina hilo haliwezi kusomwa mbele ya wanakijiji, usiuze.