Sampuli ya Watu: Jinsi Tabia Zinazohatarisha Afya Zinavyopimwa



Kila katibu ajua kwamba kahawa ya maganda huhukumiwa kwa sampuli. Ikichotwa katika magunia ya mkulima hodari peke yake, hukumu ya mzigo mzima huwa ya uongo. Uchunguzi wa afya ya watu wazima hufuata kanuni hiyo hiyo.

Mwaka 2012 Tanzania ilifanya uchunguzi huo kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani uitwao STEPS, kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Kwanza waliulizwa juu ya tumbaku, pombe, chakula na kazi za mwili. Kisha wakapimwa urefu, uzito, kiuno na shinikizo la damu. Mwisho damu ikapimwa sukari na mafuta. Takriban mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu, ugonjwa ambao kwa kawaida hauumi, hata mwenyewe hajui. Aidha, zaidi ya watu 90 katika kila 100 hawakufikia kiasi cha matunda na mboga kinachopendekezwa, yaani gramu 400 kwa siku. Nasi tunaolijaza soko la Tengeru tujiulize: tunauza kiasi gani, na tunakula kiasi gani?

Pombe ndiyo ngumu kuhesabika. Chupa ya bia hujulikana ujazo wake, lakini kata ya mbege huzunguka, na ukali wake hubadilika kwa siku. Yafaa mhoji aulize ukubwa wa chombo, na kilimfikia mnywaji mara ngapi.

Nyumba huchaguliwa kwa bahati nasibu, na ndani yake mtu mmoja vivyo hivyo. Asipokuwapo, mhoji hurudi. Hapa ndipo makatibu wenye nia njema huharibu kazi. Kijana aliyechaguliwa yuko mjini Arusha akiendesha pikipiki. Basi mama yake hutolewa ajibu. Kwa kuwa wanaume wavutao sigara ni wengi kuliko wanawake, badiliko hilo likirudiwa vijijini kote, tumbaku itaonekana imepungua, na zahanati itapangiwa kwa hesabu isiyo yake. Vivyo hivyo wapimaji wakiongozwa kwenye nyumba za barabarani tu, za juu mlimani zikaachwa.

Kushiriki ni hiari, na majina hayatangazwi. Mahojiano yakianza, Katibu aondoke barazani; ni vigumu mwanachama kutaja hesabu ya chupa zake mbele ya mtu anayeandika malipo yake ya kahawa.