GARI LA MOSHI NA MAJI YAKE

Wewe unayekaa Buguruni, Vingunguti au Pugu, reli iko karibu nawe. Wazee bado huita treni gari la moshi. Siku hizi zipo injini za dizeli, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme huenda Morogoro. Lakini jina hilo ni la wakati wa injini za mvuke.

Nguvu ya mvuke unaijua. Teleka sufuria ya maji, uifunike. Maji yakichemka, kifuniko kinacheza. Mvuke unakisukuma.

Injini nayo ilifanya hivyo. Moto ulichemsha maji ndani ya pipa kubwa la chuma kinene. Mvuke ulibanwa humo mpaka ukawa na nguvu nyingi. Kisha uliachiwa ukasukume vyuma, na vyuma vikazungusha magurudumu. Baada ya kazi hiyo ulitoka juu pamoja na moshi: chu! chu! chu!

Mvuke uliotoka haukurudi. Kwa hiyo maji yalipungua njia nzima, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Maharage yakikaukiwa jikoni, unapoteza chakula tu. Maji ya injini yakipungua mno, chuma kilicho juu ya moto kililegea kwa joto. Kiliweza kupasuka na kuua watu. Dereva alikitazama kioo cha kupimia maji kila mara. Hakuwa na nafasi ya kusinzia! Tena mafundi waliweka kizibo chenye risasi, madini yanayoyeyuka upesi. Maji yakishuka mno, risasi iliyeyuka, mvuke ukatoka kwa kishindo kuelekea motoni. Hapo wote walijua kuna hatari.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Safari yote ni zaidi ya kilometa 1,200, na nchi ya Dodoma ni kavu. Maji ya kujaza injini yalikuwa ya shida huko. Ndiyo maana injini 26 zilizoundwa Glasgow, Uingereza, kuanzia mwaka 1955, zilivuta nyuma yake tangi kubwa la maji. Zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Namba 3020 iliitwa Nyaturu, jina la watu wa Singida. Imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Ukifika huko, itazame.