Chuma cha Kale Chaweza Kuua: Elimu ya Kutegua Mabomu na Mji wa Mombasa

Mgeni atembeleaye Ngome ya Yesu katika kisiwa cha Mombasa huonyeshwa mizinga ya namna nyingi, na kati yake imo miwili iliyokuwa ya maadui. Mmoja ni wa Pegasus, manowari ya Waingereza, na wa pili ni wa Königsberg, manowari ya Wajerumani. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliishambulia Pegasus katika bandari ya Unguja ikaizamisha. Na mwezi wa Julai 1915 Königsberg nayo iliangamia katika mto Rufiji. Leo mizinga hiyo ni ya kutazamwa tu, wala haimdhuru mtu. Lakini mzinga ni kitu kimoja, na kombora lake ni kitu kingine. Mzinga hufa vita vinapokwisha, bali kombora lisilolipuka hulala tu, na alalaye huweza kuamka.

Jambo hili lawahusu sana watu wa Mji wa Kale, kwa kuwa ni miji michache ya pwani iliyopiganiwa kama Mombasa. Waarabu wa Oman waliizingira Ngome tangu mwezi wa Machi 1696 hata Desemba 1698, na katika mazingira hayo merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Ngome mwaka 1697. Tena mwezi wa Januari 1875, Akida Muhammad bin Abdallah alipomwasi Sultani Barghash, manowari mbili za Waingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga Ngome kwa mizinga. Katika mji wa namna hii si ajabu mtu achimbaye msingi, au mvuvi avutaye jarife, kukuta chuma cha duara kilicholiwa na kutu. Naye hujiambia: “Hiki ni cha zama za mababu, kitadhuru nini?”

Fikira hiyo ndiyo iuayo. Baruti nyeusi ya zamani, ikiwa imehifadhika kavu ndani ya ganda lake, haiishi nguvu kwa sababu ya miaka. Mwezi wa Februari 1908 ungepita, na 1958, nayo ingekuwa ile ile. Ushahidi ulionekana mwezi wa Februari 2008 katika jimbo la Virginia, Marekani. Mtu mmoja mwenye kukusanya vyombo vya vita vya kale alikuwa akisafisha kombora la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Likalipuka na kumwua hapo hapo, na kipande chake kikaruka yapata robo maili kikaangukia nyumba ya watu wengine. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 140 tangu vita hivyo kwisha.

Makombora ya karne ya ishirini yaweza kuwa mabaya zaidi. Zamani za vita vya 1914 Waingereza walikuwa wakijaza mengi kwa dawa kali iitwayo lidaiti. Dawa hiyo ikigusana na madini kwa muda mrefu huzaa chumvi ambazo huweza kulipuka kwa kusuguliwa tu. Kwa hiyo kutu si dalili ya usalama. Huenda chombo kilichooza kikawa chepesi kulipuka kuliko siku kilipotoka kiwandani.

Je, wataalamu huyashughulikiaje mambo haya? Historia ya elimu yao, kwa ufupi, ni historia ya kumweka binadamu mbali na bomu.

Hapo mwanzo kazi ilikuwa ya mikono. Tarehe 23 Novemba 1939, katika matope ya pwani ya Shoeburyness, Uingereza, ofisa wa manowari John Ouvry alilifungua bomu la baharini la Wajerumani ambalo siri yake ilikuwa haijajulikana. Alitumia vifaa vya shaba nyeupe, visivyovutwa na sumaku. Yeye na msaidizi wake walilikaribia bomu, na wenzao wawili wakakaa mbali wakitazama, ili kama wa kwanza wangelipuliwa, wa pili wajue ni hatua gani iliyoharibu. Likaonekana kuwa bomu lile huamshwa na sumaku iliyomo katika chuma cha meli ipitayo juu yake. Wataalamu wakazizungushia meli nyaya za umeme za kuipunguza sumaku hiyo. Mwaka 1942, manowari za Uingereza za Bahari ya Mashariki zilipoifanya Kilindini kuwa kituo chao, elimu hiyo ilikuwa imekwisha kuwa desturi ya majini.

Katika siku hizo hizo ofisa wa Kipolandi, Józef Kosacki, alibuni chombo chenye mpini mrefu kinacholia kikipita juu ya chuma kilichofukiwa. Yapata vyombo 500 vya namna hiyo vilitumika huko El Alamein, Misri, mwaka 1942. Kisha mwaka 1972 Luteni Kanali Peter Miller alichukua toroli liendalo kwa umeme akalifanya mtumishi wa kulisogelea bomu huku askari amejificha. Baadaye vigari hivyo vilibeba hata bomba linalorusha maji kwa nguvu nyingi, yakavunja nyaya za bomu kabla halijapata nafasi ya kuwaka.

Wala Afrika ya Mashariki haikubaki nyuma. Mjini Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine huwafundisha panya buku kunusa baruti. Mkulima amjua panya kuwa mwizi wa ghala, lakini huyu ameajiriwa kazi ya heshima. Mafunzo yake huchukua yapata miezi tisa, na kila anaponusa sawasawa hulipwa chakula kidogo. Kwa kuwa ni mwepesi, hupita juu ya bomu la ardhini bila kuliamsha, naye hapotezewi wakati na misumari na makopo, kwani anachotafuta ni harufu ya baruti, si chuma. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi nchini Kambodia akagundua mabomu na vilipukaji zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza. Nchini Msumbiji panya hao walisaidia kazi iliyokamilika mwaka 2015, nchi hiyo ilipotangazwa kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini yaliyojulikana.

Hasara ya kukosa hadhari yajulikana hapa hapa Kenya. Huko Archer's Post na Dol Dol, mahali ambapo majeshi ya Uingereza yalifanya mazoezi, wafugaji wengi waliuawa au kupoteza viungo kwa vilipukaji vilivyoachwa malishoni. Mwaka 2002 Serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu 228. Fedha ni fedha, lakini haimrudishii mchungaji mkono wake.

Wazee husema mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo haifai kwa kombora. Wembe hukata kidole na funzo likabaki. Kombora haliachi mtu wa kufunzwa.

Basi aonaye chuma asichokijua, asikiguse, asikipige nyundo, asikitie moto, wala asikipakie mkokoteni kukipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Arudi kwa njia ile ile aliyoijia, awazuie watoto na majirani, aweke alama kwa mbali, kisha apeleke habari kwa chifu au kituo cha polisi, au apige simu 999. Mvuvi naye asikilete pwani penye watu.

Wataalamu wametumia miaka mingi, na baadhi yao wametoa roho zao, ili kupata vyombo vya kuwaweka mbali na bomu. Mtu wa kawaida hahitaji toroli la umeme wala panya aliyefundishwa ili apate faida hiyo hiyo. Miguu yake yamtosha.